Kapteni Grant, Askari Aliyekusanya Maua Hadi Gondokoro

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wamekwisha kusikia habari za Wazungu waliotafuta chanzo cha mto Nile katika karne ya 19. Majina ya Speke, Baker, Gordon na Stanley hutajwa katika vitabu vya shule. Jina la Kapteni James Augustus Grant hutajwa mara chache, tena hutajwa baada ya jina la Speke, mfano wa kivuli kimfuatacho mwenye nacho.

Leo tumekusudia kusimulia maisha ya mtu huyo, nasi tunazo sababu tatu. Kwanza, alikuwa askari kwa kazi na kwa tabia. Pili, alisafiri kutoka pwani ya Bagamoyo mpaka Gondokoro, ukingo wa mashariki wa mto, mwendo mfupi kaskazini ya mji wetu wa Juba. Tatu, katika safari hiyo alifanya kazi ambayo watu hawaitazamii kwa mshika bunduki: alichuma maua na majani ya miti, akayakausha, akayaandikia maelezo, akayafikisha salama kwa wataalamu.

Sababu hii ya tatu ndiyo inayotugusa zaidi. Kila mwaka mvua za Juba zinapokaribia, yapata mwezi wa Aprili, makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo vya polisi hukabiliwa na swali lile lile: mbele ya ofisi, kando ya uwanja wa gwaride na baina ya nyumba za askari, tupande nini? Mara nyingi jibu hutolewa kwa haraka, na miche ipatikanayo ndiyo ipandwayo. Maisha ya Grant yana fundisho juu ya swali hilo.

ELIMU YAKE NA VITA VYAKE

Grant alizaliwa tarehe 11 Aprili 1827 katika mji mdogo wa Nairn, kaskazini ya Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Kijana huyo alisomeshwa nyumbani kwao na baadaye katika mji wa Aberdeen, kwenye chuo cha Marischal, ambako pamoja na masomo mengine alijifunza elimu ya mimea. Haikudhaniwa wakati huo kwamba elimu hiyo ingemfaa kitu, kwani mwaka 1846 aliingia jeshini na kupelekwa India, akiwa na umri wa miaka 19 tu.

Huko alikuwamo katika kuzingirwa kwa mji wa Multan na katika mapigano ya Gujrat ya mwaka 1849. Mwaka 1857 askari wa Kihindi waliasi dhidi ya utawala wa Waingereza, vita ambavyo wananchi wengi wa India leo huvihesabu kuwa mwanzo wa kupigania uhuru wao. Grant alikuwa upande wa Waingereza, katika kikosi kilichokwenda kuwaokoa wenzao waliozingirwa Lucknow. Katika mapigano hayo alijeruhiwa mkono wa kulia, akapoteza kidole gumba na kidole cha shahada.

Msomaji askari ataelewa mara moja maana ya jeraha hilo. Vidole hivyo viwili ndivyo vishikavyo kalamu na kufyatua bunduki. Wengine wangekubali kustaafu na kulipwa pensheni, lakini Grant alirudi kazini. Mkono huo uliopungukiwa ndio uliokuja kubandua majani membamba kutoka katika karatasi, kuchora picha za rangi na kuandika kumbukumbu kila jioni kwa muda wa miaka miwili na nusu, katika nchi asizozijua.

SAFARI KUTOKA BAGAMOYO

Akiwa India, Grant alifahamiana na ofisa mwenzake, John Hanning Speke. Mwaka 1858 Speke aliliona ziwa kubwa ambalo wenyeji wa kusini waliliita Nyanza, naye akaamini kwamba Nile hutoka humo. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilipompa amri ya kurudi kuthibitisha, Speke alimchukua Grant kuwa msaidizi wake. Walifika Unguja mwezi wa Agosti 1860, na mwanzoni mwa Oktoba wakatoka Bagamoyo na wapagazi, walinzi na watumishi wapatao 200. Miongoni mwao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, kiongozi mashuhuri wa misafara, ambaye bila yeye na wenzake Wazungu hao wawili wasingefika mbali. Lugha iliyotawala katika msafara huo ilikuwa Kiswahili, na kwa hiyo yapasa tukumbuke kwamba Kiswahili kiliwahi kufika Gondokoro zamani sana, vinywani mwa watu hao wa pwani.

Kazi iligawanywa kama ifanywavyo katika kikosi. Speke alipima mahali kwa jua na nyota na kuandaa ramani. Grant alipima mvua na joto, alichora, na zaidi ya yote alikusanya mimea.

Kukusanya mimea si kazi ya kujifurahisha kama inavyoweza kudhaniwa. Mmea huchumwa ukiwa na ua lake, na ikiwezekana pamoja na tunda na mzizi. Hutandazwa baina ya karatasi kavu, kisha hubanwa kwa uzito ili usikunjamane. Karatasi zikinyonya maji hubadilishwa, na zile zilizolowana huanikwa juani, na kazi hiyo hurudiwa siku kwa siku mpaka mmea ukauke kabisa. Mvua moja ya usiku yaweza kuharibu kazi ya mwezi mzima. Mchwa wakiingia katika mzigo hawabakizi kitu. Na katika msafara ambamo wapagazi walitoroka na vyakula vikapungua, ilikuwa rahisi sana kuamua kwamba mzigo wa majani makavu ndio wa kwanza kutupwa. Mwezi wa Septemba 1861, Grant alipokuwa akiongoza peke yake sehemu ya msafara katika Unyamwezi, watu wa mtemi mmoja wa huko waliwavamia na kupora mizigo mingi. Hata baada ya hayo aliendelea kukusanya.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba hakutosheka na ua peke yake. Aliandika mahali mmea ulipoota, kama ni bondeni, mlimani au kando ya maji. Aliandika mwezi ulipochanua. Aliuliza wenyeji wanauitaje, na wanautumia kwa kazi gani: kujengea, kutibu, kula, kufulia au kutengenezea ngoma. Kwa maneno mengine, aliuhoji mmea kama askari wa upelelezi anavyomhoji shahidi, asiridhike na sura tu.

KARAGWE NA BUGANDA

Mwishoni mwa mwaka 1861 msafara ulifika Karagwe, katika sehemu ambayo leo ni mkoa wa Kagera, Tanzania. Mfalme Rumanika aliwapokea kwa ukarimu mkubwa. Lakini hapo mguu wa Grant ulivimba na kuchimbika vidonda vibaya, asiweze kusimama. Baadhi ya matabibu wa zama za baadaye, kwa kusoma maelezo yake mwenyewe, wamefikiri huenda ulikuwa ugonjwa uitwao kidonda cha Buruli. Mwezi wa Januari 1862 Speke alimwacha Karagwe, akaenda mbele kwa Kabaka Mutesa wa Buganda.

Grant alikaa katika ulinzi wa Rumanika kwa miezi mitatu, mgonjwa wa kulala. Ndipo alipoendelea kutazama mimea na watu kwa utulivu, kwani mgonjwa haendi mbio. Alipopata nafuu kidogo alibebwa kwa machela mpaka Buganda, akamkuta Speke mwezi wa Mei.

Hapo pana jambo ambalo wanahistoria wamelijadili sana. Mwezi wa Julai 1862, walipokuwa karibu kabisa na mahali Nile itokapo ziwani, Speke alimwagiza Grant aende na mizigo kuelekea Bunyoro, yeye mwenyewe akageuka mashariki kwa mwendo wa haraka. Tarehe 28 Julai Speke aliyaona maporomoko aliyoyaita Ripon, mahali pa Jinja ya leo. Grant hakuyaona. Alikuwa ametembea miezi 22 kwa ajili ya jambo moja, na alipofika karibu na mlango akaagizwa apite njia nyingine. Baadaye watu walimshawishi alaumu, naye hakulaumu. Alieleza kwamba mguu wake usingeweza mwendo ule, na kwamba alitii amri ya mkuu wa msafara. Aliendelea kumtetea Speke hata baada ya Speke kufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe mwezi wa Septemba 1864.

KATIKA NCHI YETU

Kutoka Bunyoro wasafiri waliingia katika nchi ya Acholi na ya Madi, mwisho wakafika katika ardhi ambayo leo ni Sudan Kusini. Wenyeji wa Nimule na Magwi wanaijua vema sura ya nchi hiyo: nyasi ndefu, vilima vya mawe, na miti isiyosongamana. Humo imesimama mivumo yenye shina refu na kichwa cha majani kama mwavuli. Humo umo mti ambao sisi sote Juba tunauita lulu, wenye mbegu za mafuta, ambao mkulima anapofyeka shamba huuacha umesimama. Na kando ya vijito, mahali penye unyevu, waweza kukutana na mti wa kibobakasi, ambao huko Kenya unajulikana zaidi kwa jina la Wanandi. Maua yake ni mekundu kama moto, yenye umbo la kikombe, na vichipukizi vyake vimejaa maji, hata watoto huvibana ili maji yawarukie wenzao.

Sampuli za mti huo zilifika Ulaya kutoka katika sehemu hizi za Nile. Mwaka 1865 mtaalamu Berthold Seemann aliuandika kwa jina la Spathodea nilotica, yaani wa Nile. Wataalamu wa baadaye waliuhesabu kuwa ni tawi la jamii moja na ule wa Afrika Magharibi uliokwisha kuandikwa kabla. Leo nchi nyingi za joto zimepanda kibobakasi kando ya barabara zake, na wengi wanaoufurahia hawajui kwamba sisi tunao wa asili.

Katika nchi ya Madi wasafiri walionyeshwa pia mkwaju mmoja uliochongwa herufi katika gome lake. Mtaliano Giovanni Miani, aliyefika hapo kutoka kaskazini mwaka 1860, ndiye aliyeacha alama hiyo. Kwa Speke na Grant herufi hizo zilikuwa habari njema, maana ziliwaonyesha kwamba wamekwisha kukutana na njia itokayo Khartoum. Mkwaju ulifanya kazi ya kibao cha barabarani.

Tarehe 15 Februari 1863 waliingia Gondokoro. Kati ya wale 200 waliotoka pwani, waliobaki hawakuwa wengi, na wanaume wa pwani waliofuatana nao mpaka Misri hawakufika hata 20. Gondokoro walimkuta Samuel Baker na mkewe Florence, waliokuwa wakipanda mto kuwatafuta.

Hatupaswi kuipamba Gondokoro ya siku hizo. Ilikuwa gati ya wafanya biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa, na watu wa Bari waliokuwa wenye nchi waliteseka mno kwa mikono ya wageni hao wenye silaha. Vibanda vilikuwa vichafu, na ulevi na bunduki vilitawala. Lakini katikati ya uovu huo palikuwa na kitu kimoja kilichowashangaza wapitaji. Mapadri Wakatoliki, wakiongozwa na Ignacij Knoblehar, walikuwa wamejenga misheni hapo tangu mwaka 1853. Homa iliwaua wengi wao, na mwaka 1860 misheni ilifungwa. Kuta za matofali zilianza kubomoka na kanisa likawa gofu. Hata hivyo bustani yao ilibaki. Milimau na mindimu waliyoipanda ilikuwa ingali hai, ikizaa bila ya mtu wa kuimwagilia, na Baker aliandika kwamba hiyo ndiyo alama pekee iliyobaki ya juhudi zao.

KITABU CHA MIMEA

Grant aliporudi Uingereza alipokelewa kwa heshima. Mwaka 1864 Chama cha Kifalme cha Jiografia kilimpa nishani ya dhahabu, na mwaka huo huo alitoa kitabu cha safari, A Walk Across Africa. Mwaka 1868 alirudi Afrika na jeshi la Uingereza lililokwenda Ethiopia, akatumika katika idara ya upelelezi. Alistaafu mwaka huo akiwa na cheo cha Luteni Kanali.

Baada ya kustaafu aliigeukia ile mizigo ya majani makavu. Sampuli zilikuwa zimepelekwa katika bustani ya Kew, karibu na London, ambako hadi leo zimehifadhiwa. Mtaalamu Daniel Oliver na wenzake walizichambua moja moja na kuzipa majina ya kitaalamu, na Grant akaongeza maelezo yake ya mahali, ya wakati, ya majina ya wenyeji na ya matumizi. Kazi hiyo ilichapishwa na Chama cha Linnaeus baina ya mwaka 1872 na 1875, pamoja na michoro mingi. Maelezo yale, yaliyoandikwa na mkono usio na kidole gumba, ndiyo yaliyozipa sampuli hizo thamani.

Jina lake limebaki katika viumbe. Wawindaji na walinzi wa mbuga wanamjua swala granti. Upo pia mti mdogo wa jamii ya mnyaa uitwao Euphorbia grantii, unaopandwa uani na kuwa ua hai katika nchi za Maziwa Makuu. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi na macho. Kwa hiyo hata mmea wenye jina lake unafundisha lile alilolifanya maisha yake yote, kwamba usiupokee mmea kabla ya kuuliza habari zake.

Alifariki nyumbani kwake Nairn tarehe 11 Februari 1892, akiwa na umri wa miaka 64.

FAIDA KWA KAMBI NA VITUO VYETU

Tukirudi sasa kwenye lile swali la tupande nini, tunaona kwamba mambo manne aliyoyaandika Grant juu ya kila mmea ndiyo mambo manne apaswayo kuyauliza kamanda kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa.

La kwanza ni jina. Mzee wa mahali hapo anauitaje? Mmea wenye jina katika lugha ya wenyeji huwa na habari zake, nzuri au mbaya. Mmea usiojulikana na mtu yeyote ni mgeni aliyeingia kambini bila kitambulisho. Katika nyua nyingi za Afrika Mashariki hupandwa kichaka chenye maua ya njano mfano wa kengele na majani membamba yanayong'aa. Sura yake inapendeza, lakini asili yake ni Amerika, na mbegu zake zina sumu inayoshambulia moyo. Kambi zetu zina watoto. Kichaka hicho hakifai mahali wachezapo.

La pili ni mahali. Kila mti una kituo chake. Kibobakasi na mwegea hupenda unyevu, na ukivipanda juu ya changarawe kavu utamwagilia miaka yote na kuambulia kijiti. Mkwaju na mjunju, ambao hapa tunauita lalobu, hustahimili kiangazi cha Juba kuanzia Desemba mpaka Machi. Mwegea nao una neno jingine: matunda yake yaning'iniayo mithili ya soseji kubwa huwa na uzito wa kilo kadhaa, kwa hiyo haupandwi juu ya maegesho ya magari wala mahali askari wapangapo foleni. Mikuyu ina mizizi yenye nguvu ya kupasua kuta na mabomba, basi ikae mbali na kisima na bohari.

Katika jambo hili la mahali lipo pia suala la ulinzi, ambalo mkulima wa kawaida halifikirii. Karibu na lango, uzio na kibanda cha zamu hapafai kichaka kinene, maana humficha adui, mwizi na nyoka. Hapo panafaa maua mafupi, au miti mirefu iliyopogolewa matawi ya chini ili mlinzi aone mpaka mbali. Vichaka vizuri viwekwe ndani, kando ya kantini, zahanati na nyumba za familia, ambako watu hukaa na kupumzika.

La tatu ni wakati. Anayechagua maua yote ya msimu mmoja atakuwa na bustani ya miezi miwili. Mwambangoma hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kisha matawi yake matupu huvaa maua mekundu, wakati ambapo kila kitu kingine ni vumbi. Mti huo ukiwa na jirani wa kuchanua katika mvua, uwanja hautakosa rangi. Ila mbegu zake nyekundu zina sumu, watoto wasiziokote. Na kwa miti yote, miche ipandwe mvua zinapoanza kushika, ili mizizi iwe imezama kabla ya Desemba.

La nne ni matumizi. Sote tunajua idadi ya miti iliyoangushwa kuzunguka mji wa Juba kwa ajili ya mkaa na ujenzi, na tunajua kwamba miaka ya vita iliongeza balaa hiyo. Mti usio na kazi ila uzuri wake huwa wa kwanza kukatwa mafuta ya kupikia yanapopanda bei na kuni zinapokosekana. Mkwaju unaotoa tunda, lulu unaotoa mafuta, mwembe unaolisha familia tatu, hiyo hulindwa na watu wenyewe bila ya kuwekewa zamu.

Hatusemi kwamba kila kilichotoka nje kifukuzwe. Mwarobaini ulitoka Asia, na mwembe vile vile, na bila ya kivuli chao barabara za Juba zingekuwa tanuri. Mkrismasi wenye maua mekundu ulitoka Madagaska, nao unatupendeza. Tunachosema ni kwamba mgeni achunguzwe. Gugu maji lenye ua la zambarau lilichukuliwa kutoka Amerika ya Kusini likapelekwa nchi nyingi kwa sababu ya uzuri wake tu, liwe pambo la mabwawa ya bustani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 lilionekana katika Nile Nyeupe, na tangu hapo limeziba njia za boti na kuwasumbua wavuvi. Kinyume chake pia ni kweli. Kibobakasi chetu kilipelekwa visiwa vya Hawaii na Fiji kuwa pambo, na huko kimevamia misitu na mashamba hata kimehesabiwa kuwa adui. Mti ni ule ule, ila mahali ndipo palipobadilika. Ndiyo maana Grant hakuandika jina la mmea bila kuandika mahali.

Gharama ya mpango huu si kubwa. Sajini mmoja mwenye daftari, mzee mmoja wa mtaa anayeijua miti, na kitalu kidogo chenye kivuli cha nyasi vyatosha kuanzia. Mbegu za mkwaju hupatikana sokoni pamoja na matunda yake. Jambo lililo gumu ni kumwagilia kiangazi cha kwanza na cha pili, na hilo huhitaji zamu iliyoandikwa ubaoni kama zamu nyingine yoyote, pamoja na uzio wa miiba dhidi ya mbuzi.

Askari na polisi huhamishwa. Apandaye mkwaju leo huenda akawa Malakal, Wau au Yambio kabla mti haujafika magotini, na mwingine asiyemjua ndiye atakayekaa kivulini mwake. Vivyo hivyo mapadri wa Gondokoro hawakuionja milimau yao kwa muda mrefu, lakini mwaka 1871 Baker aliporudi hapo na jeshi alilotumwa nalo kutoka Misri, miaka 11 baada ya misheni kufungwa, miti hiyo ilikuwa ingali imesimama, na askari wake wakala malimau yake.